Brewster: kampuni ya ndege iliyouliwa na daftari lake la oda

Ukiwatajia wapenzi wa ndege za Vita Kuu ya Pili jina la Brewster, wengi wanacheka. Wanaikumbuka Buffalo, ile ndege fupi nene kama pipa la mafuta lililochomekwa mabawa, na mara nyingi utaikuta kwenye zile orodha za ndege mbovu za vita, stori inaishia hapo, ndege mbaya kampuni ikafa, next. Mimi hiyo stori siikubali. Kuna nchi moja ndege hiyohiyo waliiita lulu ya angani, na ukishalijua hilo unabaki unajiuliza sasa hawa jamaa waliuliwa na nini hasa.

Nianze na jengo.

Brewster haikuzaliwa kampuni ya ndege. Ilianza 1810 kule New Haven, Connecticut, mzee mmoja James Brewster akitengeneza magari ya kukokotwa na farasi, yale ya kifahari ya matajiri. Wakahamia New York, farasi wakaanza kupitwa na wakati, wao wakageukia bodi za magari, na sio magari ya wasiwasi, walikuwa wanavalisha bodi Rolls-Royce. Kwa hiyo wakajenga jengo la ghorofa Long Island City, Queens, tofali, madirisha makubwa, zuri tu, kwa kazi ya bodi za magari ya mabosi. Halafu mdororo wa uchumi ukapiga, nani ananunua Rolls-Royce, na mwaka 1932 injinia mmoja anaitwa James Work akakinunua kitengo cha ndege cha kampuni kwa dola kama 30,000. Kitengo chenyewe kilikuwa kidogo, kinatengeneza vipande vya ndege za wenzao, maboya ya ndege za majini, mabawa, vitu vya namna hiyo.

Sasa fikiria unatengeneza ndege nzima kwenye jengo la ghorofa. Kipande kinaanzia floo hii kinapandishwa ile kinashushwa tena, na ukimaliza hakuna uwanja wa kurukia hapo nje, kuna barabara na daraja na majengo ya watu, kwa hiyo ndege iliyokamilika inafunguliwa, inapakiwa kwenye lori, inapelekwa uwanja wa Roosevelt Field, inaungwa upya ndo iruke. Kila ndege. Ukitengeneza ndege kumi kwa mwaka ni kero tu ya kawaida, ukiambiwa utengeneze mia tano ni balaa, na hapa ndo utamu wa hadithi ulipo, manake hakuna aliyemlazimisha Work kukubali mia tano.

Mwanzo walikuwa vizuri, tuwape haki yao. Buffalo iliruka mara ya kwanza Desemba 1937, na 1938 Jeshi la Majini la Marekani likaichagua mbele ya ndege ya Grumman. Narudia, mbele ya Grumman. Ndio ikawa ndege ya kwanza ya kivita yenye bawa moja kuchukuliwa na jeshi hilo, wakati wengine bado wanaruka na zile za mabawa mawili juu na chini. Injinia wake mkuu Dayton Brown hakuwa mtu wa mchezo. Wakapewa oda ya ndege 54. Nzuri, ya saizi yao.

Mpaka mwisho wa 1939 walikuwa wamekabidhi 11.

Mwaka mmoja na nusu, ndege 11. Hapo vita vya Ulaya vishaanza, na kila serikali yenye dhahabu inazunguka Marekani kutafuta ndege, yoyote, hata kama ni pipa. Kampuni iliyoshindwa kumaliza 54 ikachukua oda ya Wabelgiji ndege 40. Ikachukua ya Waingereza 170. Ikachukua ya Waholanzi kwa ajili ya makoloni yao ya Indonesia, nyingine 72. Na juu ya hizo ikachukua oda ya ndege mpya kabisa ambayo ilikuwa haijaruka hata sekunde moja, ndege ya kudondosha mabomu kwa kupiga mbizi, Waingereza peke yao wakaandikisha 750.

Kuna fundi nguo mmoja hapa mtaani kwetu, simtaji, mkono wake ni dhahabu. Mwaka juzi nilimpelekea kitambaa cha kanzu wiki tatu kabla ya Idd, nikatoa advansi, akanipima vizuri akaandika kwenye daftari. Siku ya mwezi kuandama naenda kuchukua, nakuta mfuko wangu wa kitambaa haujafunguliwa, uko chini ya mifuko mingine kama arobaini, na yeye anaapa kwa jina la mama yake kwamba saa nne usiku nitaipata. Nikasali Idd na kanzu ya mwaka ule mwingine. Na lile la kuudhi ni kwamba nilipolichungulia daftari lake mstari wa chini yangu kulikuwa na oda imeandikwa asubuhi ya siku ileile! Mtu kazama mpaka shingoni bado anapokea advansi. Niliposoma habari za Brewster nikamuona yule bwana mbele yangu na tepu yake shingoni.

Ila fundi wangu anajiuzia mwenyewe, Brewster walikuwa na madalali. Ndugu wawili, Alfred na Ignacio Miranda, pamoja na mwenzao Zelcer, walikuwa wameshika mauzo ya nje na wanakula kamisheni kwa kila ndege inayouzwa nchi za nje. Hawa akina Miranda walishawahi kukutwa na hatia na kufungwa kwa kupeleka silaha Bolivia wakati Marekani imepiga marufuku. Sasa hebu niambie, mtu analipwa kwa kusaini oda, hana habari na lori la kwenda Roosevelt Field wala fundi anayesubiri kipande floo ya juu, huyo atasema lini "jamani inatosha"? Haiwezekani, kila anachosaini ni hela yake, na kiwanda kikizidiwa ni shida ya watu wa kiwandani. Mimi ukiniuliza chanzo cha yote nitakuonyesha hapo, kampuni iliacha kuwa ya watengenezaji ikawa ya wauzaji wenye kiwanda pembeni.

Na kila mteja alikuja na mahitaji yake. Mwingereza anataka chuma cha kumkinga rubani, anataka matenki ya mafuta yanayojiziba yakipigwa risasi, anataka vyombo vyake vya kwake. Ni sawa, vita vinataka hivyo, ila kila kilo inayoongezwa inakaa mgongoni mwa injini ileile au hata dhaifu zaidi, manake injini zilikuwa adimu na baadhi ya ndege za Waholanzi zilifungwa injini zilizokwisha tumika kwenye ndege za abiria. Injini ya mtumba kwenye ndege mpya. Wabongo tunaijua hiyo biashara vizuri ila sisi tunafunga kwenye Noah.

Twende Finland sasa.

Novemba 30, 1939 Soviet inaivamia Finland. Marekani inawahurumia Wafini ila haitaki kuonekana imeingia vitani, kwa hiyo wakacheza na karatasi, Jeshi la Majini likasema ndege zilizobaki kwenye ile oda yetu ya 54 tumeziona si za lazima kwa sasa, tutasubiri toleo jipya, na Finland ikauziwa hizo, kwa jumla zikafika 44. Zikatolewa vitu vya baharini, ile ndoano ya mkiani ya kutulia kwenye meli, boya la uokoaji, zikawa nyepesi. Zikapakiwa kwenye makreti, meli mpaka Norway, zikapelekwa Trollhättan Sweden zikaunganishwa huko. Vita vikaisha Machi 1940 hata hazijapata nafasi ya kupigana.

Hiyo miezi iliyofuata kabla ya vita kuanza tena Juni 1941 ndo naiona ya maana kuliko kitu kingine chochote kwenye habari hii. Wafini walikaa na zile ndege. Hawakuwa na hela ya kununua nyingine, hawakuwa na mahali pa kulalamika, wakazifungua nati kwa nati. Injini ilikuwa inasumbua upande wa oili, na inasimuliwa kwamba mafundi wao walichofanya ni kufungua silinda, wakachukua ringi moja ya pistoni kwenye kila silinda wakaigeuza, ya juu ikaangalia chini, wakafunga. Basi. Ukimhadithia hilo fundi magari wa Gerezani, Dar, atatikisa kichwa tu, ni dawa ya mtu ambaye mikono yake imekaa ndani ya injini siku nyingi, huipati kwenye mkutano wa wakurugenzi.

Na vita viliporudi ikawa maajabu. Wafini na zile Brewster, hasa kikosi chao namba 24, wanadai waliangusha ndege za Soviet zaidi ya 470, wao wakipoteza 19 kwenye mapigano. Madai ya vita huwa yana chumvi, sawa, toa hata nusu bado ni maajabu. Hans Wind peke yake alihesabiwa 39 akiwa na Brewster. Ilmari Juutilainen aliyemaliza vita na 94, 34 kati yake alizipata kwenye hilihili pipa. Walipoanza kuishiwa spea, manake Finland ilikuwa imejikuta upande mmoja na Ujerumani na Marekani haiuzi tena, wakajaribu kutengeneza yao ya kunakili yenye mabawa ya mbao wakaiita Humu. Ikatoka moja tu. Lakini fikiria, watu wanataka kunakili ndege ambayo wenzao wanaiita jeneza.

Kwa nini jeneza? Sababu wakati huohuo kule Malaya na Singapore ndege hiyohiyo, sasa nzito, yenye injini inayohemewa na joto, inaruka na marubani wengi wao wametoka shule juzi, Waingereza, Waaustralia na Wanyuzilandi, dhidi ya Wajapani ambao wameshapigana China miaka. Ukipanda juu sana presha ya mafuta inashuka, rubani inabidi apampu kwa mkono huku anapigwa risasi. Vita vilianza pale Desemba 8, 1941 na Februari 15, 1942 Singapore ikaanguka. Siwezi kusema ilianguka kwa sababu ya Buffalo, huo utakuwa uongo, Singapore ilikuwa na matatizo ishirini na Buffalo ni moja. Ila ilikuwa moja. (Hata pwani yetu iliguswa na mtikisiko ule: Wajapani walipoendelea mpaka kupiga Colombo na Trincomalee Aprili 1942, meli za Mwingereza zilirudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa ikajaa manowari ghafla.)

Halafu Midway, Juni 4, 1942. Kikosi cha wanamaji wa Marekani pale kisiwani kilikuwa na Brewster kama 20 na Wildcat chache za Grumman. Wakapanda kuwazuia Wajapani. Brewster 13 hazikurudi, mkuu wa kikosi Meja Floyd Parks naye hakurudi. Mmoja wa waliorudi, Kapteni Philip White, aliandika kwenye ripoti yake kwamba kamanda anayemtuma rubani vitani na ndege ile amhesabu amekufa kabla hajaondoka ardhini. Ndo sentensi ambayo imeizika Brewster mpaka leo, na simlaumu, ningekuwa mimi ningeandika kwa matusi.

Lakini ona toleo lililopigana Midway ni la tatu, limeongezewa mafuta limeongezewa kinga limeongezewa kila kitu, rubani mzoefu wa toleo la kwanza asingelitambua kwenye kona. Miguu ya kutulia ilikuwa inavunjika kwenye meli tangu lile jepesi. Ile Wildcat iliyoshindwa na Brewster mwaka 1938, Grumman waliirudisha mezani, wakabadilisha injini, wakarekebisha mabawa, wakairudisha Jeshi la Majini ikiwa kitu kingine. Brewster hawakuwa na muda wa kurudi mezani. Meza ilikuwa imejaa oda.

Naikazania Grumman kwa sababu ni jirani. Kampuni zote mbili ziko Long Island, Grumman ilianza 1930 kwenye gereji na Brewster ya ndege 1932, zote zinatengenezea mteja mmoja, zinaajiri watu kutoka mitaa ileile. Huwezi kusema hali ya hewa ilikuwa tofauti. Grumman ilipozidiwa 1942 ilifanya jambo ambalo akina Miranda wasingelielewa hata uwachoree ubaoni: ilichukua Wildcat na Avenger yake ikawapa General Motors watengeneze, yenyewe ikabaki kukazania Hellcat. Waligawa oda! Hellcat zikatoka zaidi ya 12,000, na Machi 1945 kiwanda kikatoa ndege 664 kwa mwezi mmoja. Na wafanyakazi wao walikuwa na vituo vya kulelea watoto, na kulikuwa na kigari cha kijani cha kampuni kinazunguka, ukiwa kazini ukakumbuka umeacha jiko linawaka nyumbani au gari lako limepata pancha, kigari kinatumwa kinakwenda kukushughulikia wewe unaendelea kugonga rivet zako. Kitu kidogo, ila bosi anayewaza jiko la mfanyakazi wake anawaza na mambo mengine pia.

Brewster turudi, huku ni majonzi. Ile ndege ya mabomu, Waingereza waliita Bermuda na Wamarekani wakaiita Buccaneer, iliruka mara ya kwanza Juni 1941 ikaonekana mapema kwamba ni nzito na mvivu. Sasa hapo mtu mwenye akili anasimama. Zikatengenezwa 771. Mia saba sabini na moja, ndege ambazo vitani hazikwenda, Waingereza wakazitumia kuvutia shabaha za mazoezi na nyingi zikaishia chuma chakavu. Chuma, aluminiamu, injini, masaa ya watu, katikati ya vita ambavyo watu wanaambiwa waokote makopo wapeleke serikalini.

Na hapa ndo nataka kumkaba mteja pia, maana wachambuzi wengi wanamuacha. Jeshi la Majini walikuwa wanajua. Walikuwa na maofisa wao mlemle kiwandani wanakagua, ucheleweshaji wameuona kwa macho tangu zile 54, na bado mwishoni mwa 1941 wakawapa Brewster kazi nyingine kubwa kuliko zote, kutengeneza Corsair ya kampuni ya Vought kwa leseni. Kwa nini? Woga. Kwenye vita kiwanda chenye paa na mashine ni kiwanda, nani atakiacha kikae bure. Mimi na kanzu yangu ningeweza kwenda kwa fundi mwingine, Jeshi la Majini lilijiona halina fundi mwingine, kwa hiyo likawa linaongeza advansi kwa mtu aliyeshindwa advansi ya kwanza.

Aprili 1942 Rais Roosevelt akachoka, akaagiza Jeshi la Majini likichukue kiwanda. Wakamuweka Westervelt, ofisa wa zamani wa majini, mtu ambaye mwaka 1916 alichora ndege ya kwanza kabisa ya Boeing pamoja na Bill Boeing mwenyewe, kwa hiyo sio mgeni wa hii kazi. Work na akina Miranda wakasukumwa pembeni. Baada ya wiki chache kampuni ikarudishwa chini ya uongozi mwingine. Haikutulia. 1943 wakamleta Henry Kaiser, huyu alikuwa staa wa uzalishaji Marekani nzima, kiwanda chake cha California kiliunga meli ya mizigo kwa siku nne na nusu Novemba 1942. Wakasema huyu mganga ndo atatibu. Uzalishaji ulipanda, ndio, ila mabosi walikuwa wamebadilishwa mara nyingi mno ndani ya muda mfupi na kila bosi anakuja na mafaili yake, ukiwa fundi wa chini unajifunza tu kumsubiri huyu naye aondoke.

Watu wengine wanaiweka lawama yote kwa chama cha wafanyakazi, tawi la 365 la UAW, chini ya Tom De Lorenzo. Na jamaa alikuwa anajitafutia lawama kweli. Agosti 1943 kulikuwa na mgomo ulioanzia kwenye ugomvi wa walinzi wa getini, vita vikiwa vimepamba moto, na De Lorenzo akanukuliwa gazetini akisema hata angekuwa na ndugu zake mstari wa mbele wanaozihitaji zile ndege kumi au kumi na mbili zilizopotea, angewaacha wafe kama ndo bei ya kulinda haki zao. Mzee! Kuna vitu hata ukiviamini huviambii gazeti. Bunge likamuita, kamati ikakaa, magazeti yakapata cha kuandika.

Nakubali chama kilichelewesha kazi. Ila hesabu miaka. Ndege 11 mwaka na nusu ilikuwa 1939, wakati huo hakuna De Lorenzo wala mgomo wa walinzi. Madalali ni 1940. Bermuda ni 1941. Chama kilipokuja kupata nguvu kilimkuta mgonjwa tayari yuko kitandani, kikampiga kofi, sawa, ila ugonjwa haukuwa wake. Tena mahali ambapo menejimenti haieleweki na nidhamu inabadilika kila bosi akibadilika, chama ndo kinakuwa kitu pekee kinachokaa, kwa hiyo lazima kiwe kikubwa kupita kiasi. Mfanyakazi anamsikiliza anayemuona kila siku.

Corsair zenyewe sasa. Goodyear, kampuni ya matairi, nayo ilipewa leseni ya Corsair wakati uleule mwishoni mwa 1941, ikatoa zaidi ya 4,000. Brewster ilitoa 735. Na zile 735 zilikuwa na matatizo ya mabawa, marubani wakakatazwa kuzifanyia sarakasi angani, hebu waza ndege ya kivita umeambiwa usiizungushe. Nyingi zikabaki kwenye mafunzo, na nyingine wakachukua Waingereza. Ukiniambia Goodyear walikuwa na uzoefu wa ndege nitakujibu walikuwa wanatengeneza maputo makubwa na matairi. Walichokuwa nacho ni ustaarabu wa kiwanda.

Mei 1944 Jeshi la Majini likagundua lina ndege za kivita za kutosha, likatafuta pa kukata, likakata kwa mtengenezaji ghali na mzembe kuliko wenzake. Mkataba ukafutwa ghafla, maelfu ya watu hawana kazi kuanzia mwisho wa mwezi. Na hapo wafanyakazi walewale waliotukanwa kwa kugoma wakafanya kitu cha ajabu, waligoma kuondoka. Shifti ikaisha wakabaki ndani, Long Island City na kwenye kiwanda chao kingine kule Johnsville Pennsylvania, wakalala kwenye sakafu kati ya mashine, ndugu zao wanawaletea chakula, wanacheza muziki, wanadai wapewe kazi watengeneze ndege yoyote. Washington ikashtuka, manake ndo mara ya kwanza inaonekana kwa macho amani itafananaje, viwanda vinafungwa na watu wanabaki wamesimama getini, na mjadala wa namna ya kufunga mikataba ya vita ukapata moto kuanzia hapo. Haikuwasaidia wao. Julai 1 kazi ikasimama, na Aprili 1946 wenye hisa wakaivunja kampuni.

Jengo la Johnsville lilichukuliwa na Jeshi la Majini, likajengewa mashine kubwa ya kuzungusha watu kwa kasi, na wanaanga wa mwanzo wa Marekani wale wa Mercury walizungushiwa hapo kabla ya kwenda juu. La Queens bado lipo. Leo ndani yake wanakaa JetBlue, makao makuu ya shirika la ndege kwenye kiwanda kilichoshindwa ndege. Nadhani lifti wamebadilisha.

Buffalo zenyewe zilitengenezwa kama mia tano. Za Wabelgiji sita zilishushwa kisiwani Martinique Ufaransa ilipoanguka, zikaozea hapo kwenye mvua bila kuruka. Nyingine zimezama Singapore, Java, Midway. Iliyobaki nzima duniani ni moja, ya Kifini, BW-372. Juni 25, 1942 rubani Lauri Pekuri alipigwa, injini inawaka, akaituliza ziwani huko Karelia, akaogelea mpaka ufukweni na kutembea kwa miguu mpaka akawafikia wenzake. Ndege ikazama, ikakaa chini ya maji miaka 56 mpaka walipoitoa 1998. Ilipelekwa Marekani kwanza, sasa iko kwenye jumba la makumbusho Tikkakoski, Finland, na hawakuipaka rangi upya, matope yameoshwa tu, mikwaruzo yake yote iko palepale. Nikipata siku ya kufika huko sitaangalia bunduki wala mabawa, nitamuomba mlinzi anionyeshe injini, nataka kujua kama zile ringi bado zimegeuzwa.